Barua ya wazi kwa TCU, COSTECH na wakuu wa vyuo: mitandao ya kijamii tutaisomea kwa dodoso mpaka lini?

Waheshimiwa wakubwa zetu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, pamoja na makamu wakuu wa vyuo vyetu, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa TEHAMA, upande wa mitandao ya kijamii. Naandika hadharani kwa sababu hili jambo ukilipeleka ofisi moja unaambiwa ni la ofisi nyingine, na tatizo kila ofisi inasema kweli kwa upande wake, kwa hiyo nimeona bora mlisikie wote kwa mpigo. Ugomvi na mtu sina. Ombi langu ni kwamba mtutengenezee njia halali ya mwanafunzi wa uzamili kupata data za mitandao yenyewe, za Kiswahili, za watu wetu, ili tuache kuandika tasnifu za kuuliza watu wanafanya nini mtandaoni wakati wanachofanya kipo na kinaonekana.

Nianze na hizi dodoso maana wengine mko mbali na madarasa siku hizi. Fungueni hazina za tasnifu za vyuo vyetu mtafute zinazohusu mitandao ya kijamii, mtaona wenyewe. Mchango wa WhatsApp kwenye ufaulu wa wanafunzi wa wilaya fulani, athari za Instagram kwa vijana wa manispaa fulani, matumizi ya Facebook kwenye biashara ndogondogo mkoa fulani. Sura ya pili ni TAM ya Fred Davis ya mwaka 1989 (nadharia ya kwa nini watu wanaikubali teknolojia), sura ya tatu fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi ya wahojiwa, wahojiwa karibu 100 kama kachukua kosa la asilimia 10 au karibu 400 kama kajitutumua akachukua asilimia 5 (fomula yenyewe watu wakishakuwa wengi inakupeleka hapo hapo, uwe unachunguza kata au nchi nzima), sura ya nne SPSS (programu ya takwimu) na pai chati ambapo wengi "wanakubaliana sana", sura ya tano inapendekeza serikali itoe elimu kwa umma. Kwenye magrupu yetu tunalicheka hili na kesho yake tunaenda kuandika hivyo hivyo.

Dodoso silitukani, lina kazi yake. Ukitaka kujua mama muuza vitenge anajisikiaje mteja akimblock baada ya kupelekewa mzigo, muulize. Lakini ukimuuliza mtu kwa siku anakaa TikTok masaa mangapi atakutajia namba tu, na hilo limeshapimwa, mwaka 2021 Parry na wenzake walitoa uchambuzi kwenye jarida la Nature Human Behaviour wakilinganisha watu wanavyosema wanatumia simu na rekodi za simu zenyewe, vitu viwili havikuwiana vizuri. Ndio kwanza hapo ni masaa. Muulize sasa kama ameshawahi kushea habari ya uongo, nani atakubali?

Halafu mambo ya kuchunguza yamejaa kila kona. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila leseni. Muda mrefu kabla ya hapo watu walikuwa wanalia, wanadhalilishwa, jina lako linatumwa kwa shemeji yako na bosi wako kwamba unadaiwa. Vilio vingi vilikuwa wazi kabisa kwenye komenti za Play Store, kwa Kiswahili, na tarehe zake. Mwanafunzi mmoja wa uzamili anayejua kuandika kodi za kompyuta kidogo na kusoma Kiswahili cha mtaani angeweza kuonyesha tatizo lilianza lini na kwa programu zipi. Hiyo ni tasnifu safi kabisa na Benki Kuu wangeisoma. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao kila robo mwaka wanatoa takwimu nzuri tu, laini ngapi, intaneti ngapi, mpaka majaribio ya ulaghai wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa kila mkoa, Rukwa na Morogoro zikitajwa sana. Kwa hiyo nchi inajua laini zipo ngapi. Watu wanazungumza nini humo, uvumi unatoka wapi unaenda wapi, biashara ya laivu za TikTok inaendeshwaje, hayo yamebaki kuwa hisia za watu.

Sasa data tunazikosaje?

Kuna kipindi mambo yalikuwa mazuri. Januari 2021 Twitter, kabla haijaitwa X, walifungua API ya watafiti wa vyuo (API ni ile njia ambayo programu yako inatumia kuchukua data kwenye programu ya mwingine bila kunakili kwa mkono), ilikuwa bure, unachukua mpaka tweeti milioni 10 kwa mwezi na unarudi nyuma mpaka 2006 mtandao ulipoanza. Mwanafunzi wa uzamili aliruhusiwa. Unaeleza uko chuo gani na unachunguza nini, basi. Ile nafasi vyuo vyetu viliitumia kidogo mno na wengi tulikuja kuisikia imeshafungwa, maana 2023 ilifungwa, ikaja ya kulipia dola 100 kwa mwezi kwa posti 10,000 tu, mwaka uliofuata ikapanda 200, sawa na laki tano na ushee kila mwezi. Mwanafunzi anayejilipia ada mwenyewe, maana uzamili wengi wetu tunajilipia kwa mshahara na vikoba, hiyo laki tano anaitoa wapi. Agosti 14, 2024 Meta nao wakazima CrowdTangle iliyokuwa inasaidia kufuatilia kurasa za Facebook na Instagram.

Walipozima wakaleta mbadala, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Meta wana kitu kinaitwa Meta Content Library, posti za wazi za Facebook na Instagram zimo, na mtafiti wa chuo popote anaweza kuomba, maombi yalikuwa yanapitia ICPSR, kituo cha kutunza data za utafiti pale Chuo Kikuu cha Michigan. Hawakusema Waafrika msije. Ila mkataba husaini wewe mwanafunzi, unasainiwa na chuo. Nilipoipeleka hiyo karatasi chuoni kwetu (jina silitaji, na wenzangu wa vyuo vingine wanasimulia yale yale) kitengo cha TEHAMA walisema ni suala la sheria, sheria wakasema ni la kurugenzi ya utafiti, utafiti wakasema mwanafunzi hawezi kukiingiza chuo kwenye mkataba na kampuni ya Marekani, aandike supavaiza, na supavaiza, mzee wa watu, akaniambia kwa upole kabisa kijana badilisha mada umalize. Nikabadilisha. Namshukuru maana bila yeye ningekwama, lakini mada yangu ndio imelala hivyo.

TikTok ndio kabisa, API yao ya utafiti waliwafungulia watafiti wa Marekani na Ulaya. Ulaya wameenda mbali zaidi, wana sheria yao ya huduma za kidijitali, kifungu cha 40 kinazilazimisha kampuni kubwa ziwape watafiti data, na taratibu za undani zikaanza kutumika Oktoba 2025. Ila hatari zinazochunguzwa kwa sheria ile ni zinazowapata watu wa Ulaya, Mbagala na Katoro hazimo. Ile ni sheria yao, na sisi hatujatunga ya kwetu.

YouTube peke yao ndio wamebaki wakarimu, API yao bure, kila siku unapewa pointi 10,000, na kuvuta komenti kunakula pointi kidogo sana. Ndio maana mkiona ghafla kila mwanafunzi wa TEHAMA anachambua komenti za video za Bongo Fleva msishangae, sio kwamba wote ni mashabiki.

Kuna hili la kibali pia. Tangu mwaka 1980 makamu wakuu wa vyuo walikasimiwa mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa wanafunzi na wahadhiri, jambo zuri, linaokoa muda. Barua yenyewe inaandikwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unaipeleka, inashuka wilayani, inashuka kata, mtendaji anagonga muhuri. Haya, mimi nachunguza kurasa za Instagram zinazouza dawa za kuongeza makalio. Instagram iko mkoa gani? Mwenzangu mmoja aliambiwa achague mkoa wowote tu fomu ikamilike, akachagua alikozaliwa, akapata na nafasi ya kwenda kusalimia. Tunacheka, lakini ikitokea shida kile kibali hakimlindi, kimeandikwa kwa ajili ya watu wa mkoa mmoja na yeye amesoma posti za nchi nzima na za diaspora.

Na shida inaweza kutokea kweli, tusidanganyane. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Tulikuwa na yale marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliyofanya kupinga takwimu rasmi kuwa jinai, yakaondolewa 2019 lakini woga uliobaki kwenye idara haukuondoka nayo, mpaka leo ukileta mada yenye harufu ya siasa unaambiwa "hiyo waachie wakubwa". Oktoba 2023 TCRA wakatangaza wanaotumia VPN (programu ya kupitia njia nyingine kuingia mtandaoni, hata palipofungwa) wajisajili. Mei 2025 X ikafungwa nchini. Sasa mwanafunzi ambaye andiko lake la utafiti lilishapitishwa, linahusu mijadala ya X, afanyeje? Akiingia kwa VPN ambayo haijasajiliwa anavunja sheria, akisajili anaandika sababu gani, akiacha anarudi mwanzo na ada ya mwaka mwingine inamsubiri. Simuoni mtu aliyekaa na TCRA kuuliza swali dogo la watafiti watakuwaje. Hilo lilikuwa jukumu lenu, COSTECH hasa, kwa sheria ya mwaka 1986 nyie ndio washauri wakuu wa serikali kwenye mambo ya sayansi na teknolojia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, mimi binafsi naipenda. Inatusaidia. Mtu ana haki ya kujua taarifa zake, na kampuni nyingi tayari zinamruhusu mtumiaji kupakua faili la data zake zote. Maana yake nikiwapata watu wa Temeke wakakubali kwa hiari kunipa mafaili yao ya TikTok, nikafuta majina na namba kabla sijaanza kusoma, nina utafiti halali bila kumuomba TikTok chochote, Uholanzi wanafanya hivyo na wametengeneza programu ya bure inaitwa Port, data inachujwa kwenye kompyuta ya mwenyewe kwanza kisha yeye ndio anaamua atume au asitume. Kinachokwamisha hapa ni kwamba sheria inataka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hakuna anayeniambia kama mwanafunzi wa uzamili ni mkusanyaji, au mkusanyaji ni chuo chake, au ni supavaiza. Kurasa mbili za mwongozo kutoka kwa Tume, mkishirikiana nao, zingemaliza hilo.

Kuna na suala la kutunza. Kitabu kikichapwa nchini nakala inatakiwa iende Maktaba Kuu. Posti je? Blogu za Kiswahili zilikuwa na moto kweli miaka ile, Issa Michuzi alianza yake Septemba 2005 akiwa Helsinki na baada yake zikaota kila mkoa. Zilipokuja Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018, maombi laki moja, leseni milioni moja na kila mwaka milioni moja nyingine, watu wengi wakafunga wakaenda zao, kanuni zilikuja kurekebishwa 2020 na 2022 lakini zilizofungwa zilishafungwa. JamiiForums, lile jukwaa la mijadala, ina mijadala ya tangu 2006, na Septemba 2025 nayo ikasimamishwa siku 90. Mwanahistoria wa mwaka 2060 akitaka kujua Watanzania wa 2010 walikuwa wanabishana nini ataenda wapi? Denmark walipitisha sheria, tangu Julai 2005 maktaba yao inakusanya tovuti zote za nchi yao, na mtafiti anaomba anaingia. Na mkusanyo mkubwa wa matini za Kiswahili ambao wanaisimu wengi wanautumia unaitwa Helsinki Corpus of Swahili, jina lenyewe linajieleza uko wapi. Nawashukuru Wafini, walifanya kazi sisi tukiwa tunaangalia, lakini kuna kitu hakikai sawa mtu wa Tanga akiomba akaunti Finland ili asome maneno ya Tanga.

Sasa ninachoomba kwa vitendo.

Msiende chuo kimoja kimoja. UDSM akisaini peke yake UDOM atabaki nje, na vyuo vidogo ndio kabisa. TERNET ipo, kazi yake ni kuunganisha vyuo na taasisi za utafiti, COSTECH wenyewe mko Kijitonyama na Kituo cha Taifa cha Data kiko hapo hapo Kijitonyama, yaani hata nauli hamtatumia. Kaeni mtengeneze hifadhi moja ya maudhui ya wazi ya mtandaoni ya Kiswahili, tovuti, kurasa za umma, komenti, iwe na kamati ya maadili inayojua mitandao ni nini, mwanafunzi aombe, asaini masharti, afanyie uchambuzi humo humo bila kutoka na data. Hiyo ofisi ndio isaini mikataba na Meta na wengine kwa niaba ya vyuo vyote. Na ndio ikaombe kwa pamoja TikTok watufungulie, maana mwanafunzi mmoja akiandika imeili hajibiwi, ila nchi zinazozungumza Kiswahili zikiandika pamoja, Wakenya wakiwemo, nadhani watajibu. Wakenya wana sababu zao nzito, kesi ya 2022 ya Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja posti za Facebook, dhidi ya Meta na Sama, kampuni iliyomwajiri, ilionyesha kwamba uchafu wa Facebook wa ukanda huu wote ulikuwa unasafishwa na vijana waliokaa Nairobi. Wale vijana wameona kuhusu jamii zetu vitu ambavyo hakuna profesa wetu hata mmoja amewahi kuruhusiwa kuviona.

Pesa najua mtaitaja. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu ni mkopo wa dola milioni 425, majengo yanapanda, wahadhiri wanaenda kusoma, mitaala inahuishwa, hongereni, sibezi hata kidogo. Seva chache na mishahara ya watu wachache wanaojua kuzitunza haiwezi kuwa gharama ya kutisha ukiweka pembeni ya hizo ghorofa. Ile maabara ya akili bandia ya AI4D pale UDOM inaonyesha watu tunao, na kazi kama AfriSenti ya 2023, iliyokusanya tweeti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika na Kiswahili kikiwemo, ilifanywa na Waafrika wengi kwa kujitolea. Hivyo uwezo upo, ofisi yenye muhuri ndio haipo.

TCU na nyie kuna kitu chenu peke yenu. Mwanafunzi wa TEHAMA anataka supavaiza wa pili kutoka uandishi wa habari au sosholojia, anaambiwa mfumo haukubali au malipo yatagawanywaje. Matokeo yake wa TEHAMA wanatengeneza "mfumo wa kielektroniki wa kusimamia" kitu fulani, wanadifendi, na mfumo unabaki kwenye laptopu yake mpaka laptopu ife, na wa uandishi wa habari anaandika kuhusu algoriti bila kuwahi kuona hata mstari wa kodi. Andikeni kwenye miongozo yenu kwamba usimamizi wa ndaki mbili unaruhusiwa na unalipwa. Ni sentensi moja tu.

Na fomu ya kibali iongezwe sehemu ya utafiti wa mtandaoni, isiyouliza mkoa, inayouliza data zinatoka wapi, utaficha vipi utambulisho wa watu na utazifuta lini.

Mwaka mpya wa masomo ukianza kuna wanafunzi watakuja na mada nzuri nzuri na wataanza kuzunguka ofisi nilizozunguka mimi. Kwa hiyo hata kabla ya hifadhi, kabla ya seva, tujibuni hili moja kwa tangazo la wazi: mkataba wa data na kampuni za mitandao, kwa niaba ya vyuo vya Tanzania, anausaini nani? Mkitutajia hiyo ofisi, fomu tutazileta wenyewe.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamili, TEHAMA
Dar es Salaam